Breki Anatunza Nguvu

Kama kuna kazi isiyomfaa mwanamume aliyekatazwa kuogopa na kukasirika, basi ni ya kufundisha watu kuendesha gari. Na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Breki. Wanafunzi wake walimbandika jina hilo kwa sababu ndilo neno alilolipigia kelele kutwa nzima, nalo likamganda mpaka mkewe akawa analitumia akitaka kumtania.

Aliyemkataza ni daktari wa Kichina, mzee mwenye duka la dawa za mitishamba nyuma ya soko. Breki alikwenda kwake kwa kuibia, baada ya kuhangaika peke yake muda mrefu. Kiuno kilimuuma, miguu ilikuwa baridi hata wakati wa joto, usingizi wake ulikuwa wa kushtukashtuka, na kule chumbani mambo yalikuwa yamelala. Mara ya kwanza alimwambia mkewe ni uchovu. Mara ya pili akasema ni uchovu. Baada ya hapo akawa anajikalia sebuleni na televisheni, akisubiri mwenzake apitiwe na usingizi ndipo aingie chumbani kwa kunyata, kwenye nyumba anayoilipia kodi mwenyewe.

Daktari alikijua Kiswahili vizuri. Tatizo ni kwamba alijifunzia sokoni, na hakuna aliyemfundisha kuyafunika maneno. Alimshika Breki kifundo cha mkono, akakibonyeza kwa vidole vitatu huku amefumba macho, akahamia mkono wa pili, akamwambia atoe ulimi, akaukagua. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayenadi nyanya:

"Kitandani unaweza?"

Upande wa pili wa pazia kulikuwa na benchi la watu wanaosubiri zamu. Mtu mmoja akakohoa. Breki alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Ni kiuno tu, daktari."

"Kiuno nimekisikia. Nauliza kitandani."

"Siyo kama zamani," Breki akanong'ona.

"Sawa. Siyo kama zamani," daktari akarudia, na benchi zima likapata habari.

Kisha akamweleza. Kwa mafundisho aliyorithi, mwanamume huzaliwa na akiba yake ya uhai, na akiba hiyo hukaa kwenye figo. Kazi za kujichosha huila, kukesha huila, mawazo huila. Chakula cha moto, usingizi na utulivu huirudisha, lakini kidogo kidogo. Hasira huumiza ini. Hofu ndiyo mbaya zaidi, maana hushuka moja kwa moja mpaka kwenye figo zenyewe.

"Wewe una hofu nyingi," daktari akasema. "Unafanya kazi gani?"

Breki akamwambia. Daktari akamtazama kwa huruma ya kweli.

Akapewa masharti. Maji baridi marufuku. Hasira na hofu marufuku; zikija, avute pumzi na kuhesabu. Kulala mapema. Kila jioni aloweke miguu kwenye maji ya moto, kisha asugue kiuno kwa viganja mpaka ngozi ipate joto. Akapewa na mizizi ya kuchemsha, michungu kama nini sijui. "Na mambo ya chumbani acha kabisa," daktari akamalizia, "mpaka mimi nikwambie."

Hapo, tuseme ukweli, Breki alifurahi. Angekuwa mtu wa kuimba angeimba. Alichokuwa anakikwepa kwa chenga za televisheni sasa kilikuwa kimekatazwa na mtaalamu. Jioni hiyo alimweleza mkewe kila kitu, isipokuwa ile furaha.

"Sasa kwa nini ulikuwa unaumwa kimyakimya hivyo, baba?" mkewe akamuuliza. "Mimi nipo kwa ajili gani?"

Mwanamke yule akalivaa jambo lile kama lake. Yeye ndiye aliyechemsha mizizi mpaka mapazia yakanuka. Yeye ndiye aliyepasha maji ya miguu, akapika maharage meusi aliyoambiwa yanafaa, akawazuia watoto wasipige kelele baba akilala. Hakumbughudhi kwa swali hata moja.

Kazini, sasa, ndiko kulikuwa na kasheshe. Breki alikuwa na mwanafunzi mmoja, mama wa saluni, mkarimu sana, mcheshi sana, ambaye akiambiwa akanyage breki alikanyaga mafuta kwa moyo wote.

"Breki, mama."

"Hii?"

"Siyo hiyo!"

Gari lilichupa kuelekea ukuta wa shule ya chekechea. Breki alikanyaga breki ya upande wake kwa miguu yote miwili, goti likagonga dashibodi, na hasira ikampanda mpaka kooni. Zamani angeitema pale pale ikaisha. Sasa akaimeza. Akavuta pumzi kama alivyofundishwa, akahesabu, akatabasamu tabasamu la mtu anayeng'olewa jino.

"Leo mwalimu una upole!" mama wa saluni akasema. "Basi turudie."

Breki akarudi nyumbani amevimba kwa maneno yote aliyoyameza, na bado akaambiwa supu imepoa kidogo, asubiri ipashwe.

Lakini dawa ilifanya kazi, au usingizi ulifanya kazi, au maharage. Yeye hakujua na hakujali. Kiuno kikaachia. Miguu ikapata joto. Alianza kulala fofofo, na alfajiri akaamka na dalili ambazo mwanamume yeyote anazijua. Alipokwenda tena kwa daktari, mzee alibonyeza mishipa, akatikisa kichwa kwa kuridhika na kutangaza, kwa faida ya benchi:

"Mshipa umepanda! Sasa rudi kwa mke. Lakini usikimbilie, taratibu."

Alitoka pale anatembea kifua mbele. Kufika nyumbani, mkewe akamlaki mlangoni na kitambaa cha jikoni begani, macho yote kwake.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema niendelee kwanza na dawa," Breki akajibu. "Bado hajaniruhusu."

Neno lilimtoka lenyewe, akabaki analishangaa. Baadaye, miguu ikiwa kwenye beseni, akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamkera. Alipokuwa mgonjwa hakudaiwa kitu. Sasa akijaribu na akashindwa, hatakuwa na figo za kusingizia, wala kazi, wala baridi. Atakuwa ameshindwa yeye. Basi akaendelea kuumwa akiwa mzima, na kunywa mizizi asiyoihitaji, huku mkewe akimpulizia kikombe kipoe.

Kila wiki aliapa atasema. Kila wiki uongo ukazidi kuwa mzito kuubwaga. Na mkewe akabadilika. Akawa mkimya, chakula anakichokoachokoa, akiitwa anashtuka. Breki, badala ya kuuliza, akanuna. Aliona ananyimwa raha ya ugonjwa wake. Yaani yeye ndiye mwongo, na yeye ndiye aliyekasirika.

Jumamosi moja mchana alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe anapanga nguo zake kwenye mkoba. Watoto walikuwa wametangulia kwa mama yao mkubwa.

"Nimetoka kwa daktari wako," mkewe akasema, bila kugeuka.

Breki akaegemea mlango.

"Nilidhani unakufa," mkewe akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Dawa haziishi, ruhusa haitoki, hunitazami usoni. Nikasema mume wangu kaambiwa habari mbaya, ananificha. Nimelia kwenye sinki la vyombo mpaka nikachoka. Leo nikapiga moyo konde, nikaenda nimuulize umebakiwa na muda gani. Yule mzee akacheka. Akasema mbele za watu, 'Mumeo mzima! Nilishamwambia arudi kwako!' Benchi lote likanigeukia mimi. Mke asiyetakiwa."

"Siyo hivyo, mama."

"Ni vipi, basi?"

Mdomo wa Breki, ule uliozoea kukemea madereva wa barabara nzima, ukawa mzito. Mkewe akasubiri. Alisubiri kwa haki kabisa, mkono kwenye zipu. Kisha akaifunga, akachukua mkoba, akampita, akatoka.

Alikwishafika kwenye geti, jirani anafagia upande huu na fundi baiskeli amechuchumaa upande ule, Breki alipotoka mbio na soksi tupu.

"Niliogopa!" akapiga kelele.

Ufagio ukasimama. Mkewe naye akasimama.

"Uliogopa nini?"

"Niliogopa nikijaribu nitashindwa. Na visingizio vimeniishia."

Fundi baiskeli akainamisha kichwa, akajitia anatafuta spana. Breki hakumjali. Alikuwa anatweta, na ajabu ni kwamba hakuona aibu. Alijiona mpumbavu, mpumbavu mkubwa, aliyetunza nguvu zake na kummalizia mwenzake zake.

"Ungeshindwa mbele ya nani?" mkewe akauliza. "Si mbele yangu? Mimi nilikutaka urudi upande wako wa kitanda, basi. Hayo mengine tungeyaona wawili." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nimechoka, baba watoto. Mimi nani ananipashia maji?"

Safari hii Breki hakutunga uongo. Alisogea, akaupokea mkoba.

"Kwa dada naenda," mkewe akamwonya.

"Najua. Nakubebea."

Wakaingia barabarani, mke mbele, mume nyuma na soksi zake, changarawe zikimchoma nyayo. Watu wakawatazama. Walitembea mpaka karibu na kona, Breki akijibishana na ulimi wake.

"Nataka kukuuliza utarudi lini," hatimaye akasema, "lakini naogopa."

Mkewe hakugeuka. Ila alipunguza mwendo, mpaka wakawa bega kwa bega.

"Uliza," akasema.