Wasomaji Wawili wa Mzee Kahawia

Wanafunzi walimwita Mzee Kahawia, kwa siri bila shaka, maana rangi hiyo ndiyo iliyompa cheo. Alikuwa profesa wa magonjwa ya kinywa. Unachukua kipande cha nyama ya taya, unakikata chembamba hata ukikipulizia kinapeperuka, unakibandika kwenye kioo, unakimwagia dawa, na pale zilipo protini anazozitafuta Profesa panageuka kahawia. Kazi ya protini hizo ni kusahihisha. Seli ikigawanyika hunakili vinasaba vyake, na katika kunakili haikosi kukosea, basi protini hizo hupita nyuma zikifuta na kurekebisha. Mzee Kahawia aliweza kuzisifia mpaka darasa zima lisinzie. Sasa, kumsahihisha yeye? Thubutu!

Nyumbani kwake fundi alifunga geti kinyume, likawa linafungukia barabarani. Mkewe aliposema aitwe mtu alirekebishe, akaambiwa kwamba ndivyo mageti ya kisasa yalivyo. Tangu hapo kila anayetoka hulisukuma taratibu huku anachungulia, asije akambamiza mpita njia usoni, na hakuna anayetia neno.

Mpwa wake, binti wa dada yake marehemu, alilelewa nyuma ya geti hilo. Mjomba alimsomesha, akamfikisha kwenye udaktari, akamkalisha upande wa pili wa hadubini yake, ile ya kutazamia watu wawili kwa pamoja. Watu wakambandika jina la Daktari Mdogo. Utaratibu wa kazi ile unataka kila kioo kisomwe na wasomaji wawili, kila mmoja kivyake, ndipo walinganishe. Lakini chumbani mle Profesa alisoma kwa sauti, mpwa akaitikia, "Naam, Profesa," na kulinganisha kukaishia hapo. Kisha mtu mzima, suti imepigwa pasi, anapanda jukwaani mikutanoni na kutangaza kuwa wasomaji wake hukubaliana kwa asilimia mia. Eti asilimia mia! Na wageni, watu na akili zao, wanapiga makofi.

Basi siku moja akaletwa binti wa fundi cherehani, msichana wa darasa la sita, taya limemvimba upande wa kushoto. Kipande cha nyama kikakatwa, kikapelekwa kwa Profesa. Wakati huo Mzee Kahawia alikuwa mbioni kumaliza utafiti wake mkubwa, wa protini zake katika uvimbe wa taya na katika meno yanayoota. Meno machanga alikuwa nayo tele. Wagonjwa wa uvimbe ndio walikuwa wamempungua, alikosa mmoja tu. Akainamia kioo cha yule msichana, akaona kahawia ilivyokolea, uso ukamchanua kama aliyeokota pesa.

"Uvimbe huu," akasema. "Tena ule unaotafuna mfupa."

Upande wa pili Daktari Mdogo aliona kitu kingine. Aliona seli ndefu zimejipanga safu kuzunguka nyama laini, vile zinavyojipanga jino linapoumbwa. Kahawia peke yake haikuwa ushahidi, kwa sababu jino linaloota nalo seli zake zinagawanyika mbio mbio na kuhitaji wasahihishaji kwa wingi, na hayo Profesa mwenyewe alikuwa ameyaandika kwa mkono wake. Msichana alikuwa na jino lililochelewa kutoka, basi. Daktari Mdogo akaikumbuka shahada yake ya uzamivu, iliyokuwa inangoja idhini ya mjomba, akakumbuka na nani aliyemlea.

"Naam, Profesa," akasema, akatia sahihi.

Daktari wa upasuaji akaamua kuondoa nusu ya taya la chini. Alipomweleza mama wa msichana, yule fundi cherehani, Daktari Mdogo alikuwapo, amesimama karibu na mlango. Fundi cherehani hakulia. Aliuliza kama mwanawe ataweza kutafuna, na kama watu watakuwa wanamkodolea macho. Kisha akavua futi ya kupimia iliyokuwa shingoni mwake, akampima msichana kutoka sikioni mpaka begani, akasema atamshonea mtandio mpana wa kufunika upande ule. Daktari Mdogo alitoka pale anajichukia.

Jioni hiyo mezani alijikaza kisabuni, akaanza, "Mjomba, yule msichana wa jana..." Mjomba akamkata kauli kwamba kioo kikishasomwa kimesomwa. Mkaza mjomba akamkanyaga mguu chini ya meza. Chakula kikaendelea.

Asubuhi akaingia maabara kabla ya wengine. Akakata kipande kipya kutoka kwenye nyama ya msichana iliyohifadhiwa ndani ya nta, akakipaka dawa, akaifunika namba ya kioo chake kwa plasta, akakichomeka kwenye trei ya meno machanga. Profesa akaja, akakaa, akaanza kusoma kimoja kimoja, mpwa anaitikia. Kilipofika kile, mzee akatabasamu.

"Jino changa. Tazama safu ile ilivyonyooka. Hapa hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hakosei."

Daktari Mdogo akabandua plasta. "Hiki ni cha binti wa fundi cherehani, Mjomba," akasema. Hakuwahi kumwita Mjomba ndani ya chumba kile.

Profesa akainama tena. Akatazama sana. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti, akaivaa. Mpwa alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa kufukuzwa.

"Makosa ya namna hii," mzee akasema polepole, "hutokea msomaji wa pili asipokuwa makini."

Na ndivyo alivyowaambia madaktari kikaoni, bila hata kupepesa macho. Yeye, kwa uangalifu wake, amerudia kusoma na kugundua uzembe wa msaidizi wake. Wakamsifu kwa uadilifu wake, jamani, na katibu akayaandika hayo. Upasuaji ukafutwa. Shahada ya Daktari Mdogo ikasogezwa mbele, mpaka atakapokomaa.

Fundi cherehani aliwakuta kwenye korido, habari za kikaoni ameshapewa. Akamshika Profesa mikono yote miwili, akamwombea maisha marefu, machozi yaliyokataa siku ile sasa yanamtiririka. Kisha akamgeukia mpwa.

"Ni wewe uliyetaka mwanangu akatwe taya?"

Daktari Mdogo akamtazama mjomba wake. Mjomba alikuwa anaangalia dari. Jibu lilimpanda mpaka kooni, zima zima, na lilikuwa la kweli. Lakini akaukumbuka na mkono wake ulivyoshika kalamu, huku macho yake yanaliona jino.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilitia sahihi."

Mama akasonya, akamvuta mwanawe, wakaenda zao, mtandio mpya unaning'inia mkononi mwa msichana. Nyuma yao Mzee Kahawia alitikisa kichwa, ameridhika. Wasomaji wake walikuwa wamekubaliana tena, asilimia mia.