Bendera ya Wachina Wengine

"Ng'oa ile jua, maman! Yote!"

Émérence aliinua uso kutoka kwenye cherehani. Stanislas alikuwa amesimama mlangoni, jasho likimchuruzika hadi ndani ya kola ya abacost, suti ya watu wa chama. Tangu majina ya ubatizo yapigwe marufuku, barabarani kila mtu alimwita citoyen, yaani raia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa jicho la chama mtaani. Émérence hakuwahi kumwona akiogopa. Kumwona hivyo kukamtia hofu yeye mwenyewe.

"Jua gani, citoyen?"

"Ya mu drapeau! Haiko ya bale Bachina banakuya leo."

Mezani zililala bendera nyekundu zenye pembe ya buluu na jua jeupe. Alikuwa ameshona kama hizo zamani kidogo, kwa Wachina waliofundisha kilimo cha mpunga upande wa Kapolowe, watu wapole waliomshukuru kwa kuinama. Stanislas alipoagiza bendera za Wachina, Émérence hakuuliza zaidi. Nani angethubutu kuuliza?

"Bachina beko bangapi, basi?"

"Beko babili. Bale ba zamani balifukuzwa. Hawa bengine ndio bakubwa sasa, dunia yote inabatafuta. Ndio barafiki ya Zaïre." Akashusha sauti. "Bakiona ile jua, batauliza ni nani alishona. Minye sitaweza kukuficha."

Émérence aliwaza Buluo. Shemeji yake Damas alipelekwa gerezani kule kwa sababu ya mzaha mmoja tu kwenye baa. Aliporudi, hakuwa mtu wa kucheka tena.

Akashika mkasi. Pembe za buluu zikaanguka sakafuni, akaweka viraka vyekundu mahali pake. Stanislas alichuchumaa, akachora kwa chaki kwenye saruji: nyota moja kubwa, na ndogo nne kando yake.

"Bile bidogo binaangalia wapi?"

"Sijue, maman. Shona tu!"

Nyumba nzima haikuwa na kitambaa cha njano, isipokuwa kanzu ya kwaya ambayo rafiki yake Berthe alimletea aikunje pindo. Émérence akafanya ishara ya msalaba, akaikata.

"Inabakia moja," Stanislas alinong'ona. "Nilishaitundika mbele ya gare."

"Enda uiteremushe."

"Minye? Bote bananijua."

Basi akaenda stesheni mwenyewe, bendera mpya ikiwa imefichwa ndani ya kitenge. Akafungua kamba, akaanza kuishusha ile ya zamani. Bendera ilikuwa imefika nusu ya mlingoti sauti ilipomkamata kwa nyuma.

"Weye! Unateremusha drapeau ya nani?"

Mwanajeshi, bunduki begani. Émérence alitaka kusema kweli, lakini kweli ya jana ilishakuwa kosa leo.

"Ya bageni, chef. Nyuzi inaachia. Ni minye nilishona. Itaanguka mbele ya bakubwa."

Mwanajeshi aliitazama bendera, akamtazama mwanamke. Hakujua ni ya nchi gani. Émérence aliliona hilo machoni mwake. Aliona pia kwamba naye anaogopa kuuliza.

"Fanya mbio," akasema, akageuka.

Alasiri wanawake walipangwa kando ya barabara mbele ya stesheni wakiwa na vitenge vya chama, wapige makofi. Berthe alisimama ubavuni mwake. Aliinua macho kwenye nyota za njano, akazikazia sana. Kisha akamsogelea Émérence hadi mabega yakagusana.

Magari yalipita polepole. Katika la pili, mgeni mmoja mwenye miwani aliitazama bendera, akamgusa mwenzake, akaonyesha kidole. Wakasemezana. Yule mwenzake alitabasamu, au labda alikunja uso kwa ukali wa jua; Émérence hakuweza kujua. Ng'ambo ya barabara, Stanislas alikuwa ameduwaa, mikono imegandia hewani.

Magari yakapanda njia ya kiwanda, vumbi likayafunika. Hakuna aliyewaambia wanawake waache. Wakaendelea kuipigia makofi barabara tupu, wakiogopa kuwa wa kwanza kunyamaza.