Mashimo Mawili Yaliyozibwa kwa Udongo

Mwaka wa sabini na tano kwaya ya kijiji chetu cha ujamaa, Handeni, ilihitaji wimbo mpya. Mwaka uliotangulia mwamuzi, Mwalimu Grasiana, alitutoa mashindanoni Korogwe kwa sababu tulikuwa tumeweka maneno yetu kwenye tuni ya kanisani. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mdoe, hakunificha: "Mkitolewa tena, Mwalimu, jioni za kwaya zitakuwa za kulima."

Kwaya nilikabidhiwa mimi, ingawa nafundisha hesabu, si muziki. Nikaenda Korogwe kwa Jayanti, Mhindi fundi cherehani, mwenye kinanda cha kupuliziwa hewa kwa mkono. Akanionyesha kwamba katika muziki wa kwao ngazi ya sauti ya kupandia si lazima iwe ya kushukia. Katika ile aliyonipigia, ukipanda unaruka sauti ya pili na ya sita. Ukishuka unazipitia zote.

"Ukifuata njia hiyo, dada, huangukii wimbo wa jirani."

Bao la mume wangu Salimu lina mashimo manane kila safu. Safu moja nikaifanya ya kupanda, ya pili ya kushuka, kila shimo na sauti yake. Salimu asambaze kete, na akipanda aruke shimo la pili na la sita. Pale ya mwisho inapoangukia, naandika sauti ya shimo hilo. Akifikia shimo tupu, amelala, na mstari umekwisha. Kete zitunge, asiibiwe mtu.

Wimbo uliotoka nikawaimbia wanakwaya. Binti yangu Chausiku akaguna. "Mama, si ileile ya kanisani?"

Nilikaribia kulia. Kisha, nyumbani, nikamwambia Salimu acheze tena, nikaitazama mikono yake. Kila akipanda, alitia kete shimo la pili na la sita.

"Nilikwambia uruke!"

"Mama Chausiku, kwenye bao shimo halirukwi. Mkono wenyewe haukubali."

Nilileta udongo wa kichuguu, nikayaziba yote mawili. "Haya, cheza."

Kwenye mashindano Korogwe, Mwalimu Grasiana alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akaimba mstari wa kwanza polepole, akitafuta aliusikia wapi.

"Huu mmeutoa wapi?"

"Kwenye bao."

"Sitanii, Mwalimu."

"Hata mimi."

Akaurudia tena, akatikisa kichwa, akacheka. "Mpya. Mmepita."

Nilikaa palepale kwenye nyasi, na gauni langu la sikukuu. Salimu akaja kuniinua.

"Sasa bao langu utalizibua lini?"

"Chonga lingine. Hili ni la kwaya."