Paji la Uso la Mzee Maeng

Habari hii ni kweli tupu, haina chumvi hata ya kutilia yai. Mzee Maeng Gil-do mwenyewe aliiapia mbele ya watu, tena akaiwekea dhamana: atakayemnasa katika neno moja la uongo atakula supu ya mifupa kwa gharama yake, na kuongezewa. Wapo walioisikia mara ya kwanza na wapo walioisikia mara ya saba. Waliopata ya saba ndio waliobahatika, kwa kuwa kweli nayo ni kama kimchi, kabichi ya kuchachusha: hupata ladha ikikaa mtungini.

Katika maisha yake ya kazi Mzee Maeng alikuwa fundi wa mitambo ya kupasha sakafu joto pale Wonju, Korea. Baridi ikianza kung'ata, mji mzima ulimwita. Aliingia nyumba za watu kwa magoti, akazungumza na mabomba, na kabla hajaondoka alikuwa ameshaacha joto sakafuni na kisa kimoja cha ajabu masikioni mwa wenye nyumba. Alipostaafu, visa vilibaki lakini milango ikafungwa. Akakaa mbele ya runinga kama mtungi uliosahauliwa uani, mpaka alasiri moja alipomwona Pyo Sol-bi.

Sol-bi alikuwa mcheza gofu wa kulipwa katika msimu wake wa kwanza, binti mwembamba mwenye masikio yaliyochomoza chini ya kofia. Alikosa shimo kwa upana wa kidole, mbele ya nchi nzima. Hakununa, hakulia. Aliuinamia mpira kama mtu anayemwomba radhi mkwewe, kisha akautia kwa mkwaju wa pili na kwenda zake.

"Huyu," Mzee Maeng alimwambia mkewe, "huyu ni wetu."

"Wetu tangu lini?" aliuliza Bong-ja. "Wetu ni Eun-gyo, naye yuko Busan na hapigi simu."

Haikupita wiki akajiunga na Msitu. Hilo ndilo lilikuwa jina la kundi la mashabiki wa Sol-bi, watu wachache waliovaa kofia za kijani kibichi na kumfuata kila shindano, shimo kwa shimo, nyuma ya kamba. Mashabiki wa nyota wakubwa walitapakaa kiwanjani kama maua ya cheri, waridi tupu mpaka upeo wa macho. Msitu ulikuwa kichaka. Mwenyekiti wake alikuwa Bi. Tak, mpishi mstaafu wa shule, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kujifunza kazi nyingine zaidi ya kuonja na kusema kweli.

Katika kichaka kidogo kila mti unataka kuwa mrefu. Mzee Maeng, ambaye hakuwahi kushika fimbo ya gofu, alirefuka kwa mdomo. Aliwasimulia jinsi alivyotengeneza mtambo wa hekalu moja mlimani hadi watawa wakavua makoti katikati ya Januari na chura mmoja akaamka akidhani ni masika. Walicheka, wakampa nafasi ya kubeba bango. Lakini kisa kilichompa heshima hakikuwa cha jana, kilikuwa cha kesho.

"Siku mpira wa mtoto wetu ukielekea porini," alisema huku akijigonga kipaji cha uso, "mimi nitasimama. Sitoki! Nitauzuia kwa hili paji la uso."

"Mpira wa gofu ni jiwe, Mzee Maeng," alisema Bi. Tak.

"Na hiki ni nini, tofu?"

Aliapa hivyo kila wiki kwa misimu miwili. Na kwa misimu miwili Sol-bi alipita mbele yake, karibu kiasi cha kusikia nyasi zikikwaruza viatu vyake, wala asimtazame. Mchezaji akiwa kazini huona mpira na shimo; watu ni upepo. Mzee Maeng alilijua hilo. Hata hivyo, kila Sol-bi alipopita, mzee alinyoosha kofia yake.

Shindano la mwisho la msimu wa pili liliwakuta Novemba, umande umeganda juu ya nyasi. Sol-bi alikuwa amecheza vibaya tangu kiangazi. Wachezaji sitini wa juu ndio hubaki ligini. Walio chini yao hurudi kupigania nafasi upya pamoja na watoto waliotoka shule. Yeye alikuwa ananing'inia kwenye nafasi ya sitini kama shati kwenye kibanio kimoja. Mkwaju mmoja wa adhabu ungemwangusha.

Siku hiyo hata Bong-ja alikuja, amefungasha chakula cha Msitu mzima. Walipofika shimo la kumi na sita alifungua kikapu akakunja uso.

"Baba Eun-gyo, mayai mawili yameenda wapi?"

"Mayai gani?"

"Ya kuchemsha. Niliyapanga kwa mkono wangu."

"Muulize Bi. Tak. Yeye ndiye mpishi."

Bi. Tak alimtazama kwa jicho linalokausha supu. Mzee Maeng akasogea mbele, hatua za tahadhari, kama mtu aliyebeba siri ndani ya suruali.

Shimo la kumi na saba lilikuwa na njia nyembamba, na upande wa kulia msitu wa misonobari uliozungushiwa vigingi vyeupe. Mpira ukivuka kigingi cheupe umekufa: mchezaji anarudi alikotoka kupiga upya, na adhabu juu. Mzee Maeng alijisimika katikati ya kamba na vigingi, mikono kiunoni, paji la uso tayari.

Sol-bi alipiga. Mlio tu ulitosha. Hata asiyejua gofu angejua kwamba kitu kimevunjika. Mpira ulianza vizuri, kisha ukapinda kulia kama mlevi aliyeona mlango wa baa.

"Mpiraaa!" alipiga kelele mbeba fimbo wake.

Msitu mzima ukamgeukia Mzee Maeng. Yeye aliutazama mpira ukikua kutoka punje ya mtama hadi kufikia ukubwa wa yai. Hapo mwili wake, ambao haukuwahi kushirikishwa katika ahadi za mdomo, ukajikatia shauri peke yake. Ukageuka. Hatua ya kwanza aliipiga. Ya pili ilikatizwa njiani. Paa! Kisha sauti nyingine ndogo, ya kitu kilichopondeka. Mpira ukaruka, ukarudi nyuma kwa uvivu, ukalala pembeni mwa njia, juu ya nyasi safi.

Bi. Tak, kama Msitu mzima, alikuwa amefumba macho. Alipoyafumbua aliona mpira uko hai na mzee yuko chini, akapiga ukelele kwa furaha isiyo na hila: "Kauzuia! Kauzuia kama alivyoapa!"

Watu wakapiga makofi, hata mashabiki wa waridi wakapiga. Kamera ya runinga ikageuza shingo. Mzee Maeng aliinuka taratibu, mkono mmoja mgongoni, na utukufu ukampanda kichwani kama pombe ya mchele kwenye tumbo tupu. Akainua mkono uliobaki. Akawapungia.

Mwamuzi alifika akitembea haraka, kijana mwenye redio begani na adabu nyingi.

"Baba, umeumia?"

"Chuma kinaumia?"

"Afadhali. Nimesikia wakisema uliapa kuuzuia mpira. Ni kweli ulisimama hapa makusudi?"

Neno lilikuwa limeshafika mlangoni mwa meno. Lakini mwamuzi aliendelea: "Nauliza kwa sababu kama umekugonga kwa bahati mbaya, unachezwa ulipolala. Ukiwa umeuzuia kwa makusudi, tunauhesabu pale ambapo ungefika." Akanyoosha kidole kwenye misonobari, ng'ambo ya vigingi.

Wakati huo Sol-bi alikuwa amefika. Alisimama nyuma ya mwamuzi akiikunjakunja glavu yake, na kwa mara ya kwanza akamtazama Mzee Maeng usoni. Misimu miwili mzee alikuwa ameyangoja macho hayo. Sasa yalikuwa yamemfikia, mekundu kwa baridi, hayamwombi chochote. Akaona kwamba kinachomngoja ni kimoja kati ya viwili: awe shujaa wake, na amzamishe, au awe kichekesho cha nchi nzima.

Aliushusha ule mkono wa kupunga.

"Nilikuwa nakimbia," alisema.

"Samahani?"

"Nakimbia! Natoroka! Nimeuona mpira, nikaogopa, nikageuka."

Mwamuzi alitikisa kichwa kwa huruma. "Baba, naelewa unampenda mchezaji wako. Lakini wenzako wote wanasema uliapa."

"Aliapa kila wiki," alisema Bi. Tak, machozi yakimlengalenga, maana hakuwa na namna nyingine ya kusema.

"Mimi ni mwongo!" alifoka Mzee Maeng. "Waulize!"

"Ni mwongo!" uliitikia Msitu kwa sauti moja. "Mtambo wa hekalu!" "Na yule chura!"

"Sasa kama wewe ni mwongo," aliuliza mwamuzi, amechoka, "nitajuaje kwamba na hili si uongo?"

Hapo Mzee Maeng aliyumba. Umri wake wote alikuwa amemwaga uongo ukaaminiwa kwa kicheko; leo ameleta kweli, na hakuna wa kuipokea.

"Mwanangu," alisema Bong-ja, akipenya kwa kikapu chake. "Niulize mimi. Huyu nimeishi naye tangu nikiwa na meno yote. Chungu cha wali kikipiga filimbi, yeye yuko uani. Nyuki akiingia, nabaki mjane mpaka atoke. Baba Eun-gyo, geuka."

"Bong-ja, kamera…"

"Geuka!"

Akageuka. Kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, upande wa kushoto, palikuwa na alama ya mviringo ya umande, na kutoka ndani yake vipande vya ganda na kiini cha njano vilikuwa vinapukutika juu ya nyasi.

"Anayeuzuia mpira makusudi," aliuliza Bong-ja, "huuzuia kwa hapo?" Kisha akatazama vizuri zaidi. "Ahaa! Kumbe!"

"Niombee radhi kwa Bi. Tak," Mzee Maeng alinong'ona, bado amewapa mgongo.

Mwamuzi aliinama, akakagua kwa heshima yote iwezekanayo, akainua redio. "Ni bahati mbaya. Mpira unachezwa ulipolala."

Redio ikakoroma: "Ushahidi?"

Akayatazama maganda. "Mayai."

Sol-bi alivua kofia akainama mpaka nywele zikagusa magoti. "Nisamehe, babu. Nimekuumiza." Mzee Maeng naye aliinama, mkono umeshika palipoumia.

Binti aliumaliza msimu akiwa wa sitini. Kibanio kilishika. Runinga nayo ilirudia kuonyesha mgongo wa mzee majira yote ya baridi, polepole, na muziki chini yake. Sokoni wauza figili walimwita Shujaa wa Nyuma. Mwanzoni alipita na njia za uchochoroni. Baadaye akagundua kwamba kila wanapoonyesha mgongo wake, sekunde chache mbele huonekana masikio mawili chini ya kofia na binti anayeinama. Akaanza kupita barabara kuu.

Masika yalipofika, Msitu ulikuwa umeota miche mipya, na katika duka la supu wageni wa kofia za kijani walimzunguka Mzee Maeng wakitaka kuisikia kutoka kinywani mwake. Aliapa. Akaweka dhamana ya supu. Kisha akawakimbiza kwa maneno: alikimbia akapita kigingi, akauzunguka msonobari, na mpira nao ukauzunguka, akaruka mfereji, nao ukaruka, kadiri alivyozidi kuwa mwoga ndivyo mpira ulivyozidi kuwa na akili.

"Ndipo ukanipata," alisema, akijipiga. "Hapa! Kulia!"

"Kushoto, babu," ilisema sauti mlangoni.

Wote waligeuka. Sol-bi alikuwa amesimama akivua viatu, mchana wa mapumziko, bila fimbo wala kamba kati yao.

"Ulipoinama ulikuwa umeshika kushoto," alisema. "Nakumbuka."

Mzee Maeng alikuwa amenaswa. Akaitafuta pochi mfuko wa kulia, akaitafuta wa kushoto. Bong-ja alikuwa ameshaitoa na kuiweka mezani.

"Bakuli moja kubwa kwa mtoto," mzee aliita jikoni. "Na nyongeza."

"Na mayai mawili," alisema Sol-bi akikaa karibu naye. "Mazima, kama yapo."