Kanda Kumi na Moja za Bibi

Wanafunzi wa chuo walimbandika mhadhiri wao jina la Mwenyeji, na wala si kwa heshima. Miaka ishirini na miwili aliwafundisha lugha na historia ya visiwa vya mbali, akawachorea ubaoni njia ya kutoka bandarini hadi sokoni, na mwenyewe hajavikanyaga hata siku moja. Kila safari ikitangazwa anajaza fomu. Kila mara anakwenda mwingine. Mara mbili walikwenda wanafunzi wake mwenyewe.

Lugha yenyewe aliipata kwenye kanda kumi na moja za bibi mmoja wa visiwani, alizorekodi mwalimu wake, sasa marehemu. Alizisikiliza mpaka akajua bibi atakohoa wapi.

Sasa alikuwa amekuja profesa, mwanamke wa huko huko visiwani, kuchagua mhadhiri mmoja wa kwenda kukaa kwao mwaka mzima. Asubuhi mke wa Mwenyeji alimkaza tai shingoni.

"Baba, ukikosa na leo, ramani zako nazibandua ukutani. Nimechoka kulala na visiwa."

Mwenyeji akaingia ofisini alimokaa mgeni, akainama, akaimwaga salamu yote kama ilivyo kwenye kanda: wagonjwa wameamkaje, kuni zipo, kuku wametaga, na bahari ilikuwaje jana.

Mgeni akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakamtikisika.

Haya, ramani zimekwenda, Mwenyeji akajisemea.

"Unisamehe, mwalimu," mgeni akasema alipopata pumzi. "Siku hizi kwetu tunasalimiana kwa neno moja, tena huku tunatembea. Wewe unaongea kama bibi yangu." Kicheko kikamkauka. "Tulimzika nikiwa mdogo. Salamu hiyo sijaisikia tena."

"Mimi sina nyingine, profesa. Hiyo ndiyo niliyopewa."

Akampeleka chumba cha kanda, akabonyeza mashine. Bibi akasalimu, akakohoa. Nyuma yake kuku wakalia. Mgeni akasikiliza, kisha akatoa fomu mkobani na kuandika jina la Mwenyeji.

"Utakuja. Ila nakuambia mapema, hapo unapopatamani, hata mimi napatafuta."

Mwenyeji akaikunja fomu, akaitia mfukoni bila kuisoma. Kanda ikafika mwisho.

"Irudishe nyuma kidogo," mgeni akasema. "Pale kwenye kuku."