Uboho Usiosubiri King'ora

Hilaria alikuta kibuyu kitupu, na midomo ya baba yake bado ina wekundu wa damu ya ng'ombe iliyochanganywa na maziwa.

“Mama, amekunywa tena?”

“Anachoka, kichwa kinamuuma. Nimpe nini, maji?” Efrazia alijibu kutoka jikoni.

“Damu yake imezidi! Mnamuua!”

Baba yake, Tluway, alikaa kwenye kigoda akijikuna. Kila akioga, mwili ulimwasha kama amelalia siafu. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameendesha mashine ya kuvuna ngano kwenye shamba la serikali, upande wa Nangwa. Mwezi uliopita msimamizi alitazama macho yake mekundu, akaona anavyoyumba, akamshusha kwenye mashine na kumfukuza kazi mbele ya wenzake. “Mlevi! Nenda kalale.” Tluway hakuwa ameonja pombe tangu abatizwe.

Hilaria alikunjua barua ya daktari aliyempima baba yake wiki hiyo.

“Ni saratani ya damu, baba. Damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Figo ndizo zinazotuma ujumbe, kama king'ora cha shambani. Kikilia, watu wanaingia kazini. Kikinyamaza, wanapumzika. Uboho wako hausubiri king'ora. Unatengeneza damu tu, hakuna aliyeuita. Sasa imekuwa nzito kama uji. Siku moja itaganda kichwani.”

“Na dawa yake?” aliuliza Margwe, mdogo wake Tluway, aliyeegemea mlango na fimbo yake ya kuchungia.

“Atolewe damu. Nusu lita kila wiki, mpaka ipungue.”

Margwe alicheka kwa uchungu. “Malisho yangu wameyalima ngano. Kazi yako wameichukua, kaka. Sasa wanataka na damu!”

“Baba mdogo, ukimtoboa dume shingoni ukakinga kibuyu kizima, anakufa?”

“Anarudi kula majani.”

“Basi?”

“Basi dume si kaka yangu. Chunga mdomo wako, msomi.”

Tluway aliinua mkono kuwakatiza. Akatoa kopo chini ya kigoda, akalitikisa. Vidonge vililia ndani.

“Hivi ni vya nani?”

Hilaria alivijua. Vidonge vya madini ya chuma. Alivituma mwenyewe kutoka chuoni, na barua juu yake: Baba, umepungukiwa damu, meza asubuhi na jioni, na mama akuongezee damu na maziwa.

“Nimemeza mwaka mzima,” alisema Tluway. “Shamba zima niliwaambia, binti yangu anasomea utabibu. Jana ongeza, leo punguza. Nimfuate Hilaria yupi?”

Hasira aliyokuja nayo ilikosa pa kwenda. Alitaka kusema ndivyo walivyofundishwa: mtu akichoka, mpe chuma. Alijisikia anatafuta mwingine wa kumlaumu.

“Nilikosea,” alisema. “Mama aliandika kwamba unachoka, nikatuma dawa kama nagawa pipi. Sikukupima. Namchukia yule msimamizi kwa kukuita mlevi bila kukuuliza, na mimi nilifanya hivyo hivyo.”

Margwe aliishusha fimbo yake.

“Rudia,” alisema Tluway.

“Nilikosea, baba.”

Tluway alimwaga vidonge vyote kwenye jivu.

“Margwe, kesho unanisindikiza hospitali. Utanifunga mkono wewe kabla hawajanitoboa. Hao wa hospitali sijui kama wanajua kufunga kamba.”

“Nikufunge kama dume?”

“Kama kaka yako, mpumbavu wewe.”

“Tukitoka huko tunapita kwa msimamizi,” alisema Hilaria. Aliiinua barua ya daktari. “Hii barua nitamsomea mbele ya wale wale aliokuaibisha mbele yao. Neno kwa neno.”

“Tutapita. Lakini nitolewe damu kwanza. Nikimwona kabla, kichwa kitapasuka.”

Efrazia alitoka jikoni, akachukua kibuyu, akaenda kukitundika juu kabisa, mahali ambapo mumewe hafiki.