Mkono wa Mjomba

Mkutano ulifunguliwa kwa sala. Afisa wa mradi alitafuta mzee wa kuomba, macho yakamwangukia mjomba wangu, mpiga pasi wa mstari wetu wa mafundi cherehani. Mjomba akavua kofia, akamwomba Mungu atupe busara na amzuie kila mtu kumla mwenzake. Afisa aliitikia Amina kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.

Kisha akawasha mashine yake, ukuta ukajaa picha ya jengo la vioo. Soko letu litabomolewa, alisema, ila tusiwe na hofu, kila kitu kimepimwa. Gharama kushoto, faida kulia. Kulia kulikuwa na maegesho, vyoo safi, ngazi za umeme, na kibanda kipya kwa kila mwenye kibanda. Kushoto palikuwa na vumbi na usumbufu wa muda, basi.

"Na mjomba?" niliuliza.

"Mjomba yupi?"

"Aliyekuombea sasa hivi."

Watu wakacheka. Afisa hakucheka. "Mzee anasimama na meza yake pale kwenye ukuta wa soko. Asiye na kibanda hapotezi kitu, mama."

Katika mstari wetu hakuna fundi mwenye pasi. Ni makubaliano ya tangu enzi za marehemu mama: mmoja anakata, mwingine anashona, mimi natengeneza matundu ya vifungo, na nguo haimfikii mteja mpaka ipite kwenye pasi ya mkaa ya mjomba. Hakuna anayegusa kazi ya mwenzake. Nilimweleza afisa hivyo.

"Jengo jipya haliruhusu mkaa," alijibu. "Kila fundi atakuwa na pasi yake ya umeme. Hiyo nayo ni faida, iko hapo kulia."

Damu ilinichemka. Riziki ya mtu inatolewa mdomoni mwake, halafu inaandikwa kuwa faida yetu!

Fundi wa kukata, tunayemwita Mkasi, akaninong'oneza: "Dada, tulia. Mvua ikinyesha tunaloa kama kuku. Unataka tuzeekee kwenye matope?"

Hakusema uongo. Bati langu linavuja, na kibanda kikavu nimekiomba kwa magoti. Nikamwuliza Mungu kimoyomoyo kama hili ndilo jibu, na kwa nini limekuja likimkanyaga mjomba.

"Wanaokubali wanyooshe mikono," akasema afisa.

Mikono ikapanda kwa aibu, wa Mkasi ukitangulia. Halafu ukapanda mkono wenye makovu ya moto.

"Mjomba! Shusha!"

"Nyamaza, mwanangu. Mimi nimekula chumvi nyingi. Wewe una watoto, chukua kibanda."

Karani alikuwa akipita akihesabu. Alipomfikia mjomba, akamruka. "Wewe shusha tu, mzee. Ni wenye vibanda."

Mjomba hakuelewa mara moja. Mkono wake ulibaki juu.

Nilisimama, kiti kikaanguka nyuma yangu. "Sala yake mmeipokea, mkono wake mmeukataa! Anakubali mwenyewe mumnyime mkate, na bado 'ndiyo' yake haina nafasi kwenye ukuta wenu? Basi mimi sikubali. Mkihesabu, tuhesabuni sote!"

Mshonaji wa magauni akashusha mkono. Jirani yake naye. Wengine wakafuata, mmoja akisonya. Mkasi hakushusha. "Mimi naloa, jamani," alisema bila kunitazama. Afisa akazima mashine, akasema watarudi tukishapoa.

Njiani mjomba hakutaka tutembee sambamba. "Nani kakutuma? Kibanda kilikuwa chako tayari. Nilitaka kukupa kitu na mimi, japo mara moja."

"Si kwa kukata shingo yako, mjomba."

"Ni shingo yangu, si yako!"

"Basi nikasirikie. Ila kesho mashati ya shule aliyoyakata Mkasi yanakuja, na hakuna wa kuyanyoosha."

Alisimama, akanigeukia.

"Mwambie Mkasi ayalete mapema," alisema. "Na yeye mwenyewe ayalete, asimtume mtu."